Sponji Mbili za Aline

Ninyi vijana mnaochukua nafasi yangu pale ukumbi wa parokia, Mabanga, hapa Goma, mmeniomba niwaandikie namna ya kumtayarisha mtoto kwa mashindano ya patini. Nitawaandikia. Msitegemee tu kwamba nitapanga mambo kwa mstari, maana kichwa changu hakipangi hivyo, na kuna jambo moja ambalo kila nikilikaribia mkono unasita. Nilifanya kazi hii zaidi ya miaka ishirini nikijiona bingwa. Kumbe kitu cha kwanza kabisa nilikuwa sijawahi kukitazama.

Kwa yule atakayesoma haya na hajawahi kufika kwetu, patini ni kiatu kirefu chenye magurudumu manne chini. Siku hizi watoto wanaona kwenye simu wenzao wa Ulaya wakizunguka juu ya barafu, wanakuja kuniuliza, "Papa, siye tutatosha barafu wapi?" Kwetu kutosha ni kutoa. Nawaambia barafu yetu ni saruji. Mengine yote ni yale yale: kuruka, kuzunguka kwa mguu mmoja, rinda fupi linalometameta, muziki, na majaji wenye kalamu ambao hawacheki. Kufundisha kuruka haikuwa kazi yangu, hiyo ilikuwa ya kocha Patrick. Mke wangu, Mama Chantal, alikuwa na marinda na nywele. Mimi nilikuwa na viatu.

Nilikuwa fundi viatu mtaa wa Birere. Siku moja mfanyabiashara jirani yangu alifungua balo la viatu vya mitumba, akakuta ndani jozi saba za patini, akaniletea moja akiishika kwa vidole viwili.

"Papa, angalia hii. Ni kiatu ao ni motokari?"

Nilizigeuza, nikazungusha magurudumu, na kabla ya saa sita mchana watoto wa mtaa mzima walikuwa mlangoni kwangu. Ndivyo klabu ilivyoanza. Hakuna mtu aliyekaa kwenye meza akaamua.

Kosa langu la kwanza lilikuwa grisi. Ndani ya kila gurudumu kuna rulma mbili, zile pete za chuma zenye gololi, na rulma za kwetu zinakufa haraka kwa sababu ya mchanga mweusi wa volkano unaoingia kila mahali, hata kwenye meno. Mimi nilijaza grisi nzito, nikapaka na pembeni. Mtoto wa kwanza akajisukuma, akaenda hatua mbili, akasimama palepale akinitazama.

Nikampelekea patini Muzee Kahindo, aliyekuwa akitengeneza chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. Magurudumu ya chukudu nayo yana rulma, na hakuna aliyezijua kama yeye. Alichungulia, akanipa macho ya huruma.

"Unaweka grisi ya chukudu mu kiatu ya mutoto? Unataka abebe viazi?"

Akanionyesha: chomoa rulma, ilaze kwenye petroli mpaka mchanga utoke, ikaushe kwa kitambaa kisicho na nyuzi, tia matone mawili ya mafuta ya cherehani, basi. Kisha akanifundisha kusikiliza. "Zungusha, funga macho. Rulma yenye iko muzima inanyamazaka. Ikisema, iko na muchanga." Nilikaa naye miezi mitatu. Baada ya hapo ningeweza kukwambia gurudumu lipi la patini ipi ni gonjwa nikiwa nimekupa mgongo, na watoto wakaniita Papa Rulma. Jina hilo lilinivimbisha kichwa, sitawaficha.

Mengine ya mikono mtayaona kwenye sanduku nililowaachia. Breki ya mbele kateni kwenye tairi la lori, si la pikipiki, la pikipiki linaacha alama nyeusi sakafuni na majaji wananuna. Kamba za viatu zipakeni nta ya mshumaa ili zisilegee katikati ya dansi. Sakafu ifagieni kwa ufagio, halafu kwa kitambaa chenye maji, halafu kwa kitambaa kikavu, halafu pigeni magoti mpitishe kiganja, maana chembe moja ya mchanga inamwangusha mtoto aliyefanya mazoezi mwaka mzima.

Sasa kuhusu mlima. Ninyi wengine hamkuwa mmezaliwa Nyiragongo ilipoteremsha moto mpaka katikati ya mji. Tulikuwa tunakimbia kuelekea Gisenyi na Birere nzima, watu wamebeba magodoro, masufuria, mbuzi, wazee mgongoni. Tulipovuka mpaka na kukaa chini kwa mara ya kwanza, Mama Chantal akafungua gunia nililobeba akitafuta unga. Akatoa patini. Akatoa ya pili. Akatoa zote kumi na nne, akazipanga mbele yake, watu wakikusanyika kutazama.

"Unga iko wapi?"

"Nilidhani umebeba wewe."

"Blanketi?"

Nikakung'uta gunia tupu. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alizitazama tu zile patini kama mtu aliyeambiwa ameolewa na kichaa. Tuliporudi, kibanda changu kilikuwa chini ya mwamba mweusi ambao bado ulikuwa unatoa moshi, na nikasimama pale sijui hata nilie upande gani. Kila kitu cha kazi kilikuwa kimekwisha isipokuwa lile gunia lililokuwa limetunyima chakula. Tangu siku hiyo nilizipenda zile jozi saba kupita kiasi, na ninaamini hapo ndipo ubaya ulipoanza.

Kwa sababu watoto waliongezeka na patini hazikuongezeka. Kulifika wakati watoto ishirini na zaidi wanasubiri jozi saba. Nikatunga sheria. Mnajua kwetu mtoto hanunuliwi kiatu cha mguu alionao, ananunuliwa kiatu cha mguu atakaokuwa nao mwaka kesho kutwa. Mama yako alifanya hivyo, na wako pia. Basi nami nilimpa mtoto patini kubwa, nikajaza mbele vipande vitatu vya sponji ya godoro. Mguu ukikua, tunatoa kipande kimoja. Ukikua tena, cha pili. Cha tatu kikitoka na mguu ukajaa, patini inahamia kwa anayefuata kwenye foleni. Niliwasimamisha wote nikawaambia, tena kwa sauti ya kujisifu, "Sponji ikiisha, patini inahama. Hakuna kulia."

Kila Jumamosi kabla ya mazoezi nilipita nikibonyeza ncha ya kila patini kwa kidole gumba. "Sponji ngapi?" Mtoto anajibu, nami nasikia ulaini chini ya ngozi, napita kwa mwingine. Sikuwahi kumwambia mtoto avue. Niliona kidole changu kinatosha.

Aline alipata jozi yake akiwa na miaka tisa. Mama yake anauza sombe, majani ya muhogo, hapo hapo Mabanga. Mtoto mwembamba, mkimya, asiyecheka, lakini akiinuka kuzunguka kwa mguu mmoja, ukumbi wote unaacha kuongea. Patrick alisema waziwazi kwamba huyu ndiye atakayetutoa. Aliyefuata kwenye foleni ya patini zake alikuwa Grâce, mdogo wake kwa miaka mitatu hivi, mtoto wa jirani, ambaye kila Jumamosi alikaa ukingoni mwa sakafu akiitazama miguu ya Aline, si dansi yake.

Kisha waasi wakauchukua mji. Ukumbi wa parokia ukajaa watu waliokimbia kutoka Rutshuru na Masisi, mazoezi yakafungwa, nami nikazipandisha patini kwenye dari ya nyumba yangu, chini ya mabati. Asubuhi moja wakaingia askari wao watatu. Mmoja akatazama dari, akaona ubao umekaa vibaya, akaushusha, gunia likamwangukia.

"Hizi ni za nini, muzee?"

"Ni za batoto, chef. Za kucheza."

"Vaa."

"Chef, ni ndogo."

"Nimesema vaa."

Sasa jueni siri yangu: katika miaka yote ile sikuwahi kuvaa patini. Navaa arobaini na mbili. Jozi kubwa kuliko zote ilikuwa thelathini na nane. Nikasukuma, nikakunja vidole, nikasukuma tena, machozi yakanitoka, nikasimama. Nilienda kama mita moja, nikaangukia mbabula, jiko la mkaa la Mama Chantal, makaa yakaruka, sufuria ya maharagwe ikamwagika. Wale askari walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Wakachukua redio, wakatuachia patini. Nimeisimulia hadithi hii kwenye harusi na kwenye misiba, na watu hucheka kila mara. Nasimulia kuanguka. Sijawahi kusimulia vidole, ingawa vilikufa ganzi kwa siku mbili.

Patini zilikaa darini miezi mingi. Waasi walipoondoka, waliokimbia nao wakarudi kwao na ukumbi ukafunguliwa, watoto walikuja mbio, kila mmoja akadai jozi yake. Nikapita na kidole gumba changu.

"Aline, sponji ngapi?"

"Mbili, Papa."

Nikabonyeza. Laini. Nikapita. Miezi yote ile mtoto alikuwa akila, akilala, akirefuka, nguo zimepanda juu ya magoti, na mimi niliona magoti, nikamwambia Mama Chantal ashushe pindo la rinda.

Klabu za Bukavu, ng'ambo ya ziwa, zikatualika kwenye mashindano. Kwetu ilikuwa mara ya kwanza kutoka Goma. Patrick alichagua watoto watano, Aline akiwa wa kwanza, na Grâce akaja kama wa akiba kwa patini za kuazimana. Mkuu wa chama cha patini cha kule alikuwa ameahidi kwamba mtoto atakayempendeza ataingia kwenye timu ya majimbo yetu mawili na kufundishwa na watu wanaojua. Mama Aline aliuza hata kitenge chake cha Noeli ili mtoto apande boti. Alimkabidhi kwangu bandarini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Papa Rulma, huyu ni wako leo."

Niliandaa jozi zile kama sijawahi kuandaa. Rulma zote kumi na sita za Aline zilikuwa kimya kabisa.

Tulifika, tukapewa chumba cha darasa cha kuvalia. Mama Chantal akawasuka, akawavalisha kolani, zile soksi nyeupe za kufika kiunoni, na marinda aliyoyashona kwa pazia la dhahabu. Watoto wakafanya mazoezi mafupi ya kuzoea sakafu, wakarudi kusubiri zamu. Aline akavua patini kupumzisha miguu, akaificha miguu yenyewe chini ya benchi upesi. Hakuificha upesi vya kutosha. Nikaona doa jekundu kwenye kolani.

Na hapa ndipo mkono unasita. Neno langu la kwanza, vijana, lilikuwa hili: "Aline! Umemwaga nini ku kolani?" Nilikasirika kwa ajili ya kitambaa. Nilifikiria majaji. Nilikuwa nimeshaanza kumwita Mama Chantal alete maji na sabuni.

"Haiko kitu, Papa."

"Tosha nione."

"Papa, haiko kitu. Niko sawa."

Mama Chantal alipiga magoti akaivuta kolani mwenyewe. Kisha akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata siku ya mlima. Kucha za vidole viwili hazikuwapo. Vidole vyenyewe vilikuwa vimejikunja chini ya vingine, vyeupe kwenye viungo, vyekundu kwenye ncha, na kidole kikubwa kilikuwa na jeraha la zamani lililopona na kupasuka, likapona na kupasuka. Nilitazama, akili yangu ikagoma kukubali kwamba mguu huo ndio ulikuwa unazunguka mbele yangu kila Jumamosi.

Nikaingiza mkono ndani ya patini. Mbele kabisa, zimebanwa mpaka zimekuwa nyembamba kama chapati, zimekauka damu, zilikuwa zile sponji. Mbili. Alikuwa hajasema uongo.

"Aline. Juu ya nini haukusema?"

Akatazama sakafu. Kisha akanieleza taratibu, bila hasira, kama anayemsomea mtu maandishi.

"Ulisemaka sponji ikiisha, patini inahama. Nikizitosha, utanipokonya. Basi sikuzitosha."

"Lakini inauma!"

"Ndiyo, Papa."

Niliketi chini. Mimi mwenye masikio ya kusikia chembe ya mchanga ndani ya chuma! Nilikuwa nimechukua fundisho la Muzee Kahindo nikalibandika kwa watoto: anayenyamaza ni mzima. Nikawaambia wote wavue. Wawili wengine walikuwa na vidole hivyo hivyo, wamevifunga kwa vipande vya chandarua, na mmoja alinionyesha kwa fahari namna ya kukunja kidole gumba cha mguu ili kisionekane kirefu. Walikuwa wamefundishana. Klabu nzima ilijua isipokuwa mimi, Mama Chantal na Patrick.

Patrick akaingia mbio. "Papa, mutoto wa tatu baada ya huyu ni Aline. Iko tayari?" Akaona mguu, akashika mlango.

Nikamwambia Aline hatacheza. Hapo ndipo alipolia, si kabla. Alilia kwa kutetemeka, akisema mama ameuza kitenge, akisema atakunja tena, ataweza, amezoea. Nikachomoa kisu changu cha kukatia ngozi. Nilitaka kuondoa ncha ya patini zote mbili, vidole vitoke nje.

Grâce alinirukia mkono.

"Papa, apana! Ni zangu zile! Nimesubiri!"

Na Aline naye, kwa sauti ile ile ya kilio, "Usikate, Papa. Utaziharibu. Nitavaa hivi hivi."

Wasichana wawili walining'inia kwenye mkono mmoja wakitetea ngozi, nami ndiye niliyewafundisha kuipenda hivyo. Nilimkimbiza Mama Chantal na njaa kwa ajili ya patini hizo, nikazificha wakati wa bunduki, na sasa zilikuwa zimekula miguu. Nilizikata. Ngozi ilikuwa ngumu, ilichukua muda, na Grâce alilia kila kisu kilipoingia. Mama Chantal akaosha vidole vya Aline, akavifunga kwa kitambaa safi, akamvalisha soksi zangu nyeupe juu yake. Jaji mmoja mlangoni akauliza ni kiatu gani hicho. Patrick akamjibu ni kiatu cha Goma, akampitisha Aline.

Nilisimama ukingoni, mikono inanuka ngozi. Muziki ukaanza. Aline akasukuma mara moja, mara mbili, akainuka kwenye mzunguko wake, na katikati ya mzunguko ule uso wake ukafunguka. Alikuwa anacheka. Miaka mitatu nilikuwa nikimwambia atabasamu kwa ajili ya majaji, nikiamini ni mtoto mwenye uso mgumu, na sasa niliuona uso wake wenyewe kwa mara ya kwanza. Nililia mbele ya watu wasionijua. Mwishoni aliteleza kidogo kwa sababu soksi ilikokota sakafuni, akapata nafasi ya nne, na mkuu wa chama akachagua mtoto wa Bukavu.

Vijana, mkiniuliza nini cha kufanya, nitawajibu kwa maneno machache. Vueni soksi za mtoto kila wiki, mtazame kwa macho. Na patini ikipungua, gawaneni saa, si miguu: Jumamosi yako, Jumapili yangu. Tungeweza kufanya hivyo tangu mwanzo, na sielewi hadi leo kwa nini wazo hilo halikunijia.

Tulirudi kwa boti ya mchana. Grâce alikaa kwa Mama Chantal akinipa mgongo. Aline alikuwa benchi moja nami, miguu imefungwa, zile patini zilizokatwa mapajani.

"Hizo ni zako," nikamwambia.

"Mpaka wakati gani?"

"Daima. Hakuna mutu atazichukua."

Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, kama mtoto anavyomwitikia mkubwa. Ziwa lilikuwa tulivu, watu wanasinzia. Baadaye niliona damu bado inang'aa ndani ya moja, nikanyoosha mkono na kitambaa ili niifute. Aline akazikumbatia zote mbili kifuani, akasogea hadi mwisho wa benchi, na hivyo ndivyo alivyokaa, akiutazama mkono wangu, mpaka tukafika Goma.